Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwita Mfanyakazi Kwenye Kikao cha Nidhamu

Mwajiri anaweza kuwa na mfanyakazi aliyekosa kweli, akawa na mashahidi na nyaraka mkononi, na bado akashindwa mbele ya msuluhishi kwa sababu barua ya kumwachisha kazi iliandikwa kabla mfanyakazi mwenyewe hajasikilizwa. Sisi tunaofanya kazi ya rasilimali watu huitwa mara nyingi asubuhi ya kikao chenyewe, wakati ambapo sehemu kubwa ya kazi ilipaswa iwe imekwisha. Maelezo yanayofuata yanahusu siku zile za kabla ya kikao, ambazo ndani yake haki ya mfanyakazi hulindwa au hupotea, pamoja na usalama wa mwajiri.

Anza na sheria, na uisome mwenyewe badala ya kutegemea desturi ya ofisi. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1982, unataka ajira isikomeshwe pasipo sababu halali inayohusu uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli, na unataka mfanyakazi asiachishwe kazi kwa ajili ya mwenendo au utendaji wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea, isipokuwa pale ambapo kwa hali ilivyo haingetarajiwa mwajiri ampe nafasi hiyo. Si kila nchi imeuridhia mkataba huo, lakini misingi hii miwili imo katika sheria za kazi za nchi nyingi, na kwa hiyo unapaswa kuwa na sheria ya nchi yako mezani, pamoja na kanuni zake, mkataba wa ajira wa mhusika, na mkataba wa hali bora kama upo uliofungwa na chama cha wafanyakazi. Nyaraka hizi zikipingana na taratibu mlizojiwekea ndani ya kampuni, usidhani za ndani ndizo zitakazotangulia.

Kisha jiulize kama jambo lililokuudhi ni kosa la nidhamu hata kidogo. Mfanyakazi ambaye hafikii viwango kwa sababu hakufundishwa mtambo mpya ana tatizo la uwezo, na dawa yake ni mafunzo, usimamizi na muda wa kujirekebisha. Yule ambaye hakuja kazini kwa sababu alikuwa mgonjwa ana suala la kiafya, na Mkataba Na. 158 unasema wazi kwamba kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Nidhamu inahusu mtu aliyejua kanuni, akaweza kuifuata, akaivunja. Neno “aliyejua” lina uzito wake, kwa hiyo fungua jalada lake utazame kama kuna mahali alipotia saini kwamba amepokea na kuelezwa kanuni za kazi kwa lugha anayoielewa.

Uchunguzi ndio unaostahili muda mwingi kuliko jambo jingine lolote, na ndio unaofupishwa mno. Chukua mfano wa mtunza ghala anayetuhumiwa kwa sababu katoni 12 hazionekani. Msimamizi amekasirika, na taarifa yake ina sentensi moja: mali imepotea na mtunza ghala ndiye mwenye dhamana. Mchunguzi makini hataishia hapo. Atafungua leja na kutafuta siku ya mwisho ambayo mali ilihesabiwa ikakutwa kamili, kwa kuwa kama hesabu hiyo ilifanyika miezi minne iliyopita, upotevu ungeweza kutokea siku yoyote katika miezi hiyo minne, zikiwemo siku ambazo mtuhumiwa alikuwa likizo. Ataulizia funguo ni ngapi na nani anazo, na huenda akakuta kwamba ufunguo wa pili huachwa kwa walinzi usiku na wa tatu uko kwenye droo ya msimamizi yule yule aliyeandika taarifa. Atalinganisha hati za kupokelea mzigo na hati za kutolea, ukurasa kwa ukurasa, na pengine kuona kwamba katoni zile zilitolewa kwa maagizo ya simu siku ya shughuli nyingi na hati haikuandikwa kamwe. Inawezekana pia kwamba mwisho wa yote mtunza ghala ataonekana ana la kujibu, lakini sasa atakuwa anajibu jambo linalojulikana.

Anayechunguza asiwe ndiye atakayeamua. Maelezo ya mashahidi yaandikwe mapema kabla kumbukumbu hazijachakaa, kila mmoja aandike alichokiona na kukisikia mwenyewe, aweke tarehe na saini. Picha za kamera huweza kufutika zenyewe baada ya muda, kwa hiyo ziombwe siku ile ile. Hakikisha vilevile kwamba yanayompendelea mtuhumiwa yanahifadhiwa kwa uangalifu ule ule, kwa sababu jalada lenye upande mmoja tu humtia shaka msuluhishi yeyote.

Wakati uchunguzi unaendelea, baadhi ya waajiri humsimamisha mfanyakazi kazi. Hatua hiyo inafaa pale ambapo kuwepo kwake kunaweza kuharibu ushahidi au kuwatisha mashahidi, si kama adhabu ya awali, na barua yake iseme hivyo kwa maneno yanayoeleweka na itaje itadumu kwa muda gani. Mshahara wake usiguswe bila msingi wa kisheria. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaruhusu makato ya mshahara kwa masharti na viwango vilivyowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi pekee, na hasira ya mkuu wa idara haimo katika orodha hiyo.

Kabla hujaandika barua ya tuhuma, tazama nyuma wiki chache na uwe mkweli kwa nafsi yako. Je, mfanyakazi huyu alipeleka malalamiko dhidi ya kampuni hivi karibuni, au aligombea uwakilishi wa wafanyakazi, au alitoa taarifa kwamba ni mjamzito? Mkataba Na. 158 unayataja mambo kama haya miongoni mwa yale yasiyoweza kuwa sababu halali ya kuachisha kazi, pamoja na rangi, jinsia, hali ya ndoa, majukumu ya familia, dini na msimamo wa kisiasa. Ikiwa tuhuma ni ya kweli, bado itabidi uonyeshe kwamba ungeichukua hatua hii hii kama hayo yasingetokea, na njia bora ya kuonyesha ni kupitia majalada ya waliofanya kosa kama hilo zamani. Ikiwa mmoja alipewa onyo la mdomo na huyu unataka kumfukuza, lazima kuwe na tofauti unayoweza kuieleza bila kubabaika. Pendekezo Na. 166 linaloambatana na mkataba huo linashauri kwamba kosa ambalo lingestahili kuachishwa kazi pale tu linaporudiwa litanguliwe na onyo la maandishi linalofaa. Onyo lililotolewa kwa maneno koridoni halitakusaidia.

Tuhuma za unyanyasaji zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa hapa kuna watu wawili wa kulindwa. Mkataba Na. 190 wa shirika hilo hilo, wa mwaka 2019, ulioanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unagusa vitendo vinavyotokea wakati wa safari za kikazi na katika mawasiliano ya kazi, yakiwemo ya simu na intaneti, na unawalinda hata wanaoomba kazi na wanaojifunza kazi. Mlalamikaji asihamishwe idara kwa kisingizio cha kumlinda huku mtuhumiwa akibaki pale pale, kwani wenzake wataona kwamba aliyesema ndiye aliyeadhibiwa, na hakuna atakayethubutu kusema tena. Majina yajulikane kwa wale tu wanaohitaji kuyajua.

Barua ya tuhuma ndiyo mfanyakazi atakayoisoma usiku akiwa peke yake, akijaribu kuelewa anashtakiwa kwa lipi. “Umekuwa na utovu wa nidhamu wa mara kwa mara” ni sentensi isiyojibika. “Tarehe 4, saa 3 asubuhi, uliondoka kwenye mtambo ukiuacha ukiendelea kufanya kazi, kinyume na kanuni ya usalama uliyoitia saini” ni sentensi ambayo mtu anaweza kuikubali, kuikana au kuieleza. Andika kila tuhuma peke yake, ambatisha nakala za ushahidi utakaotumika, taja siku, saa na mahali pa kikao, na umweleze kwamba anaweza kusaidiwa na mtu mwingine, jambo ambalo Pendekezo Na. 166 nalo linalitambua. Muda wa kujiandaa utazamwe katika sheria ya nchi yako. Pasipotajwa siku, mpe zinazotosha kusoma ulichoambatisha na kumtafuta msaidizi. Barua isiyopungukiwa na hayo inayokabidhiwa jioni kwa ajili ya kikao cha asubuhi bado haijampa nafasi ya kujitetea. Na neno “adhabu utakayopewa” lisionekane popote ndani yake.

Wajumbe wa kamati itakayosikiliza tuhuma kikaoni wasiwe mashahidi, wala aliyeleta tuhuma asiwe mmoja wao. Katika ofisi ndogo hili ni gumu, na kwa maoni yangu ni afadhali kumwomba mtu wa nje mwenye uelewa wa sheria za kazi kuliko kumkalisha mwenye kampuni awe mlalamikaji, shahidi na mwamuzi kwa wakati mmoja. Tafuteni mapema mwandishi wa muhtasari asiye na kazi nyingine kikaoni, na mkalimani kama mtuhumiwa haimudu vizuri lugha ya kikao. Amueni pia ni nani atakayesikiliza rufaa, kwa kuwa mkubwa wa mwisho akiketi kwenye kamati ya kwanza hakuna wa juu yake anayebaki.

Mwisho, andaa nyaraka za matokeo yote mawili. Weka tayari utaratibu wa kumrudisha kazini mtu aliyeonekana hana hatia, ikiwemo nani atazungumza na wenzake na atasema nini, kwa sababu mfanyakazi anayerudi kimyakimya huendelea kutazamwa kama mwizi. Kwa yule atakayeachishwa kazi, idara ya mishahara iwe imekwisha kukokotoa siku alizofanya kazi, likizo ambazo hakuzichukua na stahili nyingine zinazotajwa na sheria, cheti chake cha utumishi kiwe kinaweza kutolewa bila kuzungushwa, na aambiwe kwa maandishi rufaa yake aipeleke kwa nani na kabla ya tarehe gani.