Somo: Kukagua mafaili ya .o yasibaki na kumbukumbu inayoandikika

“Nitajuaje kuwa mafaili yangu ya .o (kodi ya C iliyokompailiwa, kabla ya kuunganishwa kuwa programu moja) hayana kigeu kinachoandikika?” Swali hili naulizwa kila mara na vijana wa Lamu na Malindi, kwa hivyo nimeliandika lote hapa.

Kodi ya hatua ya kwanza ya kuwasha bodi hukimbia ikiwa bado ndani ya flashi (chipu inayohifadhi programu), RAM haijaamshwa. Kigeu cha global ukikiandikia, hakibadiliki, wala hupati kosa lolote. Bodi inakaa kimya. Moduli za PEI (hatua ya mwanzo) za UEFI, programu ya kuwasha kompyuta, zinazokimbia kabla ya RAM zina sharti hilo hilo.

1. Kompaili kama kawaida.

2. `size *.o`. Data (vigeu vyenye thamani ya mwanzo) na bss (vigeu vinavyoanza na sifuri) ziwe 0.

3. `readelf -SW faili.o`. Tafuta bendera WA (seksheni, yaani sehemu ya faili, inayoandikika), kisha soma ukubwa; usizidi 0. Karibu kila .o ina .data na .bss tupu, hizo ziache.

4. Hapa ndipo wengi huanguka, someni polepole. `int hali;` nje ya fankisheni, kwa GCC ya kabla ya toleo la 10 (2020), huenda COMMON (kundi la vigeu visivyopewa thamani, vinavyosubiri nafasi). Ndani ya .o haina seksheni yake, kwa hivyo hatua ya 2 na ya 3 zote zitakwambia uko salama. Itaingia .bss linka (programu inayounganisha .o) ikishafanya kazi. Kwa hivyo orodhesha majina kwa nm, uchuje herufi za vigeu vinavyoandikika:

`nm -A *.o | grep -E ' [BbCcDdGgSs] '`

Ukiona `friza.o:00000000 d majina`, umempata mkosaji. Kitu kama `hesabu.0` chenye herufi b ni static iliyojificha ndani ya fankisheni. USITAFUTE seksheni yenye jina .data kamili peke yake: ukitumia `-fdata-sections`, jina huwa .data.majina na utafutaji wako utalipita.

5. Weka const. Lakini `const char *majina[]` haitoshi! Maneno yamelindwa, pointa zenyewe bado zinaandikika. Andika `const char *const majina[]`.

6. Tia hatua ya 4 kwenye Makefile, bildi ikatae ikipata chochote.

MASWALI

kijana_mld: Nimefanya zote na haifanyi kazi. Nisaidie haraka.
— Haifanyi nini? Weka hapa mistari ya nm.

fundi254: Text yangu ni kubwa mno, hatua ya 2 ina makosa.
— Haina makosa. `size` huhesabu .rodata (data ya kusomwa tu) ndani ya text. Nimesema data na bss. Rudia kusoma.

binti_shela: Shikamoo mwalimu. Kwenye Arduino Uno nimeweka const kwenye jedwali zima, nm inaonyesha r (ya kusomwa tu), lakini RAM bado inaliwa. Kwa nini?
— Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Chipu za AVR kama hiyo ya Uno (hadi R3) husoma flashi kwa amri za peke yake, kwa hivyo .rodata hunakiliwa RAM bodi ikiwaka, na Uno hiyo ina KB 2 tu. Tumia PROGMEM (huliacha jedwali ndani ya flashi) na usome kwa `pgm_read_byte`. Kwa AVR kagua .elf ya mwisho (programu iliyokwisha kuunganishwa) pia, .o peke yake itakudanganya.

langoni_tech: Nikiweka `-flto` (kuboresha kodi wakati wa kuunganisha) kila kitu ni 0.
— Hiyo .o bado si kodi ya mashine. Ongeza `-ffat-lto-objects`, au kagua .elf.

binti_shela: Ahsante sana, imekubali! Na hii bodi ya friza ya samaki inaota kutu ya kijani kwenye soketi, nipake vanishi?
— Kwanza zima umeme, ondoa chumvi kwa maji ya distilled na brashi laini, kisha suuza kwa isopropili, iache ikauke kabisa. Ukipaka juu ya chumvi, kutu itaendelea chini kwa chini. Soketi zibandike tepu kabla ya kupaka, vanishi ikiingia ndani umeme haupiti.