Kubandika jino la mbele la zirkonia kwa bawa moja

Vijana wengi wanaofika kwangu hapa Arusha wamepoteza jino la mbele kwa ajali ya bodaboda, na meno ya jirani ni mazima kabisa. Kuyachonga yote mawili ili yabebe daraja la kawaida naona ni hasara kubwa mno. Kwa hiyo wewe daktari mwenzangu unayeanza, jifunze jino bandia la zirkonia, kauri ngumu isiyo na kioo, lenye bawa moja linalobandikwa nyuma ya jino jirani. Moja, si mawili: kila jino hucheza kivyake mtu akitafuna, na bawa la pili likibanduka huku la kwanza limeshika, mgonjwa hajui lolote, uozo unaendelea chini yake.

Fundi wa maabara aache bawa unene wa milimita 0.7, na shingo inayoliunga na jino bandia iwe na kimo cha milimita 3 na upana wa 2.

Siku ya kubandika, anza kwa kulijaribisha mdomoni: rangi, fizi, uumaji. Kisha litoe, ndipo upulize ndani ya bawa unga wa alumina wa mikroni 50, kwa shinikizo la bar 1 hadi 2. Usikubali kupuliziwa maabara jana yake ukaridhika, kwa sababu jino likishagusa mate, fosfeti za mate hung'ang'ania zirkonia na maji hayazitoi. Asidi ya fosforiki nayo usiitumie kuisafishia. Ina fosfeti zilezile. Chora ndani ya bawa kwa kalamu ya wino, upulize mpaka wino wote uishe. Palipobaki alama, hapajafikiwa. Osha kwa spiriti, kausha, paka praima yenye MDP, kemikali inayoshikamana na zirkonia. Asidi ya hidrofloriki iache kwa kauri zenye kioo, zirkonia haiioni.

Jino la mgonjwa lifunge kwa shuka la mpira la kuzuia mate, ulisugue kwa unga wa pamisi usio na mafuta, upake asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 30. Suuza, kausha, tazama: liwe jeupe la chaki. Huku kwetu chini ya Meru, maji yana floraidi nyingi na meno ya kahawia hukataa kuchubuka. Hayo mimi huyakwangua juu juu kwa almasi laini, nikaacha asidi mpaka sekunde 60. Pakibaki panang'aa, rudia. Mate yakigusa baada ya hapo, suuza na upake asidi tena. Tafadhali usifute kwa pamba ukaendelea.

Weka simenti ya rezini, bonyeza bila kutikisa, ondoa iliyozidi kabla ya kuwasha taa, kisha mulika kila upande.

Mwisho pima uumaji. Akisogeza taya mbele au pembeni, jino jipya lisiguse kitu. Mwambie asifungulie soda kwa meno wala kumenya miwa. Na likibanduka, asilitupe: alifunge kwenye kitambaa alilete, maana likiwa zima hupulizwa upya na kubandikwa tena.