Kutunza insulini nyumbani bila friji: chungu, mchanga na kipimajoto

Bibi mmoja alikuja kliniki yetu ya kisukari, Dodoma, mashine ikaandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Dozi hajaruka hata moja. Nikamwomba anionyeshe chupa yake ya insulini. Akafungua fundo la khanga taratibu, akasema, "Mwanangu, hii naitunza kuliko fedha. Inalala kwenye friza ya duka la jirani, pale penye barafu za ubuyu."

Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ile insulini ya rangi ya maziwa, na kwenye kioo zilikuwa zimeganda chembe nyeupe kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Nikaizungusha, chembe hazikutoka. Dawa ilikuwa imeganda na kuyeyuka sijui mara ngapi, na yeye alikuwa akijichoma hiyohiyo asubuhi na jioni kwa wiki tatu.

Kosa halikuwa lake. Aliambiwa "weka mahali pa baridi", basi akaweka mahali pa baridi kuliko pote anapopajua. Hakuna aliyekaa naye akamweleza baridi kiasi gani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya nyumba kama yake, nyumba isiyo na friji, au yenye friji lakini umeme unakatika siku nzima.

Kwanza uelewe dawa yenyewe. Insulini ni protini, minyororo miwili yenye jumla ya asidi amino 51, yaani vijenzi vidogo vya protini. Protini ikipata joto kali hujikunja vibaya na kushikamana, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukaangoni, na ute ukishaiva haurudi kuwa mbichi. Ikiganda nayo huharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ndiyo maana kwenye boksi wanaandika nyuzi 2 hadi 8.

Lakini masharti hayo yaliwekwa kwa ajili ya ghala na safari ndefu, chupa ikae hadi tarehe yake ya mwisho. Nyumbani unaitumia chupa moja kwa wiki chache. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lililifuatilia swali hili katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Lilirekodi joto ndani ya nyumba za wakimbizi: usiku nyuzi 25, mchana hadi 37. Kisha maabara ya Chuo Kikuu cha Geneva, chini ya Profesa Leonardo Scapozza, ikaiweka insulini katika joto hilohilo, ikipanda na kushuka kama kule kambini, kwa wiki 4. Matokeo yalichapishwa Februari 2021: nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1. Kwangu mimi huu ni mmoja wa tafiti muhimu kuliko zote za kisukari kwa watu wetu. Kabla yake, mkimbizi asiye na friji alilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano, au kukosa.

Sasa tuanze kazi.

Hatua ya 1: Andika tarehe

Siku unayotoboa kizibo cha chupa mpya, bandika kipande cha plasta na uandike tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika. Hesabu wiki 4. Siku ya 28 ikifika, chupa hiyo umemalizana nayo, hata kama imebaki nusu. Najua inauma kumwaga dawa uliyoinunua kwa shida. Basi ukiwa na dozi ndogo, omba kliniki wakupe chupa ndogo, au katriji (kichupa kidogo cha kalamu ya insulini), badala ya chupa kubwa.

Chupa ambazo hujazifungua, usizirundike nyumbani. Chukua ya mwezi mmoja tu, nyingine zibaki kwenye friji ya dawa ya zahanati iliyo karibu, wakikubali. Na kila aina ina karatasi yake ndani ya boksi. Ikisema siku chache kuliko hizi, fuata karatasi.

Hatua ya 2: Jua joto la nyumba yako

Nunua kipimajoto cha chumba. Kile cha kupimia homa hakifai, kwa sababu kinaanzia nyuzi 35 na wewe unataka kujua hata 26. Kiweke mahali unapokusudia kuweka dawa, ukisome asubuhi, saa nane mchana na usiku, kwa siku tatu.

Nyumba ya bati ina mambo yake. Kabatini juu, karibu na bati, ndipo pabaya kuliko pote, na ndipo wengi wanapoficha dawa watoto wasiifikie. Shusha. Sakafuni, kwenye kona isiyopigwa na jua la jioni, mara nyingi kuna tofauti unayoihisi hata kwa kiganja. Kama saa nane kipimajoto hakivuki 30, huna haja ya chungu. Kikopo chenye mfuniko na kona hiyo vinakutosha. Kikikaribia 37 au kupita, hatua inayofuata ni ya lazima.

Hatua ya 3: Tengeneza chungu ndani ya chungu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokosea.

Unahitaji vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubaki nafasi ya vidole viwili pande zote. Viwe vya udongo mtupu. Chungu kilichopakwa rangi au kung'arishwa hakitoi jasho, na jasho ndilo tunalolitaka: maji yanapenya kwenye udongo, yanafika nje, yanakauka kwa upepo, na yakikauka yanaondoka na joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa maji wa bibi zetu. Chungu kilichokwisha kupikia mchuzi nacho usikitumie, mafuta yameziba vitundu. Kukijaribu, mimina maji ndani usiku. Asubuhi ukute nje pana unyevu.

Loweka vyote viwili usiku kucha. Asubuhi weka mchanga wa mto uliochekechwa chini ya chungu kikubwa, kimo cha vidole vitatu. Kalisha chungu kidogo juu yake, midomo ilingane. Jaza mchanga pembeni hadi karibu na ukingo, kisha mimina maji polepole kwenye mchanga mpaka uloe wote. Chungu cha ndani kibaki kitupu, bila maji.

Dawa iweke kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, ndipo uiweke ndani. Ukiiweka wazi, unyevu utafuta maandishi na siku moja utashindwa kujua ipi ni ya asubuhi na ipi ya usiku. Funika midomo yote miwili kwa kitambaa kizito cha pamba kilicholowekwa. Inua chungu kwenye vigae au matofali matatu ili upepo upite chini, na ukiweke kivulini penye hewa, dirishani au barazani. Ukikifungia kabatini hakifanyi kazi.

Nyuzi 2 hadi 8 hutazipata kwa chungu, na huzihitaji. Kazi ya chungu ni kukata makali ya mchana.

Hatua ya 4: Mwagilia, na ujue hewa ya kwenu

Mwagilia mchanga asubuhi na jioni, na mchana pia wakati wa kiangazi. Mkabidhi mtu mmoja kazi hii, mtoto mkubwa anaweza. Kazi ya wote haina mwenyewe.

Nimefanya kazi Dodoma, kisha Tanga, na chungu kilekile kilikuwa na tabia mbili. Dodoma mwezi wa kumi, hewa kavu inayopasua midomo, ukitia mkono ndani unahisi kabisa ubaridi. Tanga wakati wa masika hewa imejaa maji tayari, jasho la chungu halina pa kwenda, na tofauti ni nyuzi moja au mbili tu. Watafiti waliojaribu vyungu na vifaa vya aina hii kule Khartoum waliona jambo hilohilo: hewa ikiwa kavu zaidi, ubaridi unaongezeka. Kwa hiyo msomaji wa Pemba, Mombasa au Lamu, usikitegemee chungu peke yake. Nafuu yako ni kwamba joto la pwani halirukiruki sana, mara nyingi ndani ya nyumba halifiki 37, na kona yenye kivuli inakutosha. Hamisha kipimajoto kiingie chunguni wiki ya kwanza, kikuambie ukweli.

Hatua ya 5: Safarini

Insulini hukaa na wewe, mapajani. Buti la basi linawaka, na dashibodi ya gari ni mbaya zaidi. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, isuuze kwa maji ya baridi, mwaga maji, weka dawa ndani ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Barafu usitie. Ikigusa dawa tunarudi kwenye friza ya barafu za ubuyu.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kuvuta dozi

Insulini ya maji iwe angavu kama maji ya kunywa. Ikiwa na ukungu, vumbi au rangi ya njano, acha. Insulini ya maziwa izungushe katikati ya viganja mara 20, polepole, usiitikise kama soda. Ikichanganyika ikawa sawasawa, tumia. Ikibaki na mabonge, au chembe zimeng'ang'ania kioo, acha.

Macho hayaoni kila kitu. Insulini ya maji inaweza kuwa imepungua nguvu na bado inang'aa. Kwa hiyo sukari ikipanda siku mbili mfululizo na hujabadili chakula, huna homa, hujaruka dozi, ishuku chupa. Fungua mpya, na ile ya zamani ije nayo kliniki.

Hata ikitokea chupa imeshinda kwenye joto na huna nyingine, usiache kujichoma, hasa mwenye kisukari aina ya 1, ambaye mwili wake karibu hautengenezi insulini. Insulini iliyopungua nguvu ni bora kuliko kutochoma kabisa. Jichome dozi yako ya kawaida, usiongeze kwa kukisia, pima sukari mara nyingi zaidi, na siku hiyohiyo tafuta mpya. Ukianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa kasi na pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva sana, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo, na kikopo chako mkononi, nesi wa zamu asome tarehe uliyoiandika.