TSH ikipanda ujue tezi imelegea: jinsi ya kusoma majibu ya tezi ya shingo

Shangazi yangu alinitumia picha ya majibu yake WhatsApp saa tano usiku, TSH 11.8 na pembeni kuna herufi H, yani iko juu (high), chini kaandika "mwanangu dawa zimenizidi, kesho nameza nusu". Nikampigia hapohapo. Hiyo H ilikuwa inasema kinyume kabisa, yani dawa haimtoshi, na wala simcheki maana mimi mwenyewe mwaka wa kwanza wa kumeza hizi dawa za tezi iliyolegea nilichanganya hivyohivyo.

Kwanza ujue nani anamwita nani. TSH ni homoni ya kuiamsha tezi ya shingo, ila haitoki shingoni, inatoka kwenye pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere kako chini ya ubongo. Mchukulie kama mama yuko jikoni anamwita mtoto aliye nje. Mtoto akiitika, mama anashusha sauti. Asipoitika mama anapaza, mara ya tatu mtaa mzima unasikia. TSH ndo sauti ya mama, na mtoto ni tezi ya shingo, ile ya umbo la kipepeo chini ya koromeo, inayochukua madini joto (ndo maana ya chumvi ile ya pakiti) ikatengeneza homoni za T4 na T3. Hizo namba ni idadi ya atomu za madini joto ndani yake. T4 ndo nyingi ila ni kama akiba, mwili unaitoa atomu moja inakuwa T3, na hiyo ndo inayochapa kazi: mapigo ya moyo, joto la mwili, choo, hedhi, mpaka akili kuchangamka.

Kwa hiyo usisome TSH peke yake, weka na T4 pembeni. TSH juu na T4 chini, tezi imechoka, hapo ndo unasikia baridi wenzako wanajipepea, choo kigumu, mwili mzito, usingizi hauishi. TSH juu kidogo T4 iko kawaida, tezi bado inajitahidi, mara nyingi daktari atasema turudie baada ya muda kabla ya kuanza dawa, usimlazimishe. TSH imeshuka kabisa na T4 iko juu, mtoto anapiga kelele mwenyewe bila kuitwa: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, unakula vizuri na bado unakonda. Zote mbili zikiwa chini basi huenda mama ndo mgonjwa, yani pituitari yenyewe, na hiyo ipo kwa baadhi ya kina mama waliopoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Viwango angalia vya maabara yako, nyingi wanaweka TSH kati ya 0.4 na 4 hivi, ila mjamzito ana viwango vyake, asijilinganishe na mtu.

Sasa kwa nini ya shangazi ilipanda na dawa anameza kila siku? Nikamuuliza anamezaje. Kumbe na chai ya maziwa, tena kwa mpigo mmoja na vidonge vya kuongeza damu! Levothairoksini, ndo hiyo dawa yetu ya tezi, haitaki kampani. Maziwa, kalsiamu na madini ya chuma vinaing'ang'ania tumboni, inayoingia kwenye damu inakuwa kidogo. Imeze tumbo tupu kwa maji matupu, subiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unywe chai, na vidonge vya damu viache kama masaa manne mbali. Shangazi tulimpangia hivi: kidonge na kikombe cha maji kitandani, anameza akisikia adhana ya alfajiri, mpaka aswali, awashe jiko, chai ichemke, muda umeshapita. Vya damu vikahamia usiku.

Usikimbilie kupima wiki inayofuata, utajipa presha bure. T4 inakaa mwilini muda mrefu, inachukua kama siku 7 kupungua nusu, na pituitari nayo ni nzito kubadilika, ndo maana wanakwambia rudi baada ya wiki 6 hadi 8. Na kama unameza zile vitamini za nywele na kucha zenye bayotini, mwambie mtu wa maabara au ziache siku mbili tatu kabla, zinaweza kuvuruga kipimo ukaonekana una ugonjwa usio nao.

Dozi usipunguze wala kuongeza mwenyewe, hata ukijiona umeshakuwa mtaalamu wa majibu. Shangazi daktari wake hakumgusa dozi kabisa, alimwambia tu aendelee na ratiba ya adhana. Wiki ya saba picha nyingine ikaingia, saa tano usiku kama kawaida yake, TSH 3.1 na pembeni hakuna herufi, akauliza mbona hawajaandika kitu.