Neno la Kiingereza likikugomea kwenye maandishi ya zamani, litafute ndani ya maneno yaliyoungana

Ukisoma Kiingereza cha zamani ukakuta neno la kila siku limekaa kiajabu, usikimbilie maana ya leo. Tafuta neno hilo ndani ya maneno yaliyoungana, maana humo ndimo maana kongwe hujificha. Chukua meat. Biblia ya King James ya 1611, Mwanzo 1:29, inasema mimea na matunda vitakuwa meat kwa mwanadamu. Nyama gani hiyo ya majani? Sasa tazama sweetmeat: ni peremende na vitu vitamu, hakuna nyama hata chembe. Na coconut meat ni ile nazi nyeupe unayoikuna kwa mbuzi. Hapo unapata jibu: zamani meat, au mete katika Kiingereza cha kale, ilikuwa chakula chochote. Ndiyo maana "meat offering" ya Walawi 2 ni unga, mafuta na ubani.

Mbinu hii inafaa kwa sababu neno likiwa peke yake hubadilika maana kadiri watu wanavyolitumia, lakini likishagandana na jingine mara nyingi hubaki na maana yake ya zamani.

Inapokwama: maneno yanayofanana kwa bahati tu. Hamburger haina uhusiano na ham, yaani nyama ya nguruwe. Imetokana na jina la mji wa Hamburg, Ujerumani. Kwa hiyo malizia kwa kamusi yenye sehemu ya asili ya maneno. Na hotelini leo ukiagiza meat, utaletewa nyama tu.