Kubana faili la kahawa kwenye Pandas bila kugusa pesa ya mkulima

Laptopu ninayofanyia kazi hapa Moshi ina memori ya GB 4. Msimu ukipamba moto, faili la mapokezi ya kahawa kutoka vyama vya msingi haliingii humo: mashine inaganda na kazi imelala. Kununua nyingine hakuko mikononi mwangu, kwa hiyo nabana data. Ila kila ukibana, kuna tabia ya data uliyoizoea inaondoka, na Pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data, haikupigii hodi kukuambia.

Pima kwanza. Soma mistari 100,000 tu kwa nrows, kisha endesha memory_usage ukiweka deep=True, la sivyo uzito wa maneno yenyewe unaweza usihesabiwe. Mara nyingi utakuta mlaji mkubwa ni maneno: jina la kijiji, daraja, aina ya kahawa, yanayojirudia mstari kwa mstari.

Safu hizo zifanye category. Kila jina linatunzwa mara moja, na mstari unabeba namba ndogo tu. Majina yasipofika mia, ni baiti 1 badala ya 8 au zaidi. Hapa ndipo pa kukaa macho. Ukisoma faili kwa vipande kwa chunksize, kila kipande kinajitungia orodha yake ya vijiji, na ukiviunganisha safu inarudi kuwa maneno ya kawaida, nafuu yote imepotea. Dawa ni kuandika orodha mwenyewe kabla, kwa CategoricalDtype. Lakini sasa karani akiandika “Kibosho Kati” na wewe kwenye orodha una “Kibosho” tu, jina lile linasomwa kama tupu. Kilo zipo, kijiji hakuna. Kwa hiyo baada ya kila kipande hesabu nafasi tupu kwenye safu ya kijiji kwa isna, na ikizidi zile nafasi zilizokuwa wazi tangu mwanzo, simama hapo hapo. Kwenye groupby, yaani unapojumlisha kwa makundi, andika observed=True, usije ukaletewa jozi za kijiji na daraja ambazo hazijawahi kutokea.

Tuje kwenye namba. int16, aina ya namba nzima ya baiti 2, inaishia 32,767. Kilo 45 inaenea, bei ya shilingi 5,000 inaenea, lakini ukizizidisha zote mbili zikiwa int16 unapata 28,392 badala ya 225,000, bila onyo lolote. Mhasibu wetu ni mama wa Marangu asiyetaka mzaha na pesa za watu. Jibu kama hilo simpelekei. Kilo naziacha int16, bei inabaki int64 ya baiti 8, na jibu linatoka int64. Wala usiweke malipo kwenye float32, namba ya desimali ya baiti 4, eti unaokoa nusu. Ikishapita 16,777,216 haiwezi tena kushika kila shilingi, na jumla ya chama kimoja inapita hapo mapema sana.

Mstari usio na uzito utaigomea int16 wakati wa kusoma. Wengi hujaza 0 yaishe. Mimi sikubali: sifuri maana yake mtu hakuleta kitu, na wastani wa kijiji unashuka bure. Tumia Int16 yenye I kubwa; inaongeza baiti 1 kwa mstari, na tupu inabaki tupu.

Ukifanya kazi kwa vipande, jumla unaweza kuzijumlisha. Wastani hapana, beba jumla na idadi ugawanye mwishoni. Namba ya katikati, ile median, itakubidi usome safu hiyo moja yote kwa usecols.

Kabla sijampa mama orodha, jumla ya kilo naihesabu upya kwenye faili ghafi kwa awk, programu ndogo ya kuchakata maandishi. Inasoma mstari mmoja mmoja, memori haihisi kitu. Zikitofautiana, natafuta vijiji vilivyogeuka tupu kwanza, maana groupby inaviruka, halafu ndiyo nakagua int16.