Kutazama na kupiga picha vimondo vya Perseid

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Julai hadi wiki ya mwisho ya Agosti, Dunia hukatiza vumbi lililoachwa na nyotamkia Swift-Tuttle, ambayo hulizunguka Jua kwa takriban miaka 133. Chembe hizo, nyingi ndogo kama punje ya mchanga, huingia kwenye angahewa kwa kasi ya kilomita 59 kwa sekunde na kuwaka karibu kilomita 100 juu yetu; hivyo ndivyo vimondo vya Perseid.

1. Chagua usiku. Kilele huwa karibu na usiku wa kuamkia Agosti 13. Kabla ya kitu kingine chochote, angalia kalenda ya mwezi, kwa sababu mbalamwezi hufuta vimondo vyote hafifu. Mwaka 2026 ni wa bahati: Agosti 12 mwezi ni mpya na hauonekani, kwa hiyo giza ni la usiku kucha. Kama hutaweza kutoka usiku wa kilele, nenda usiku unaoutangulia, maana baada yake idadi hushuka haraka. Vile vimondo 100 kwa saa vinavyotajwa ni hesabu ya anga jeusi kabisa, chimbuko (mahali angani ambapo vimondo huonekana kutokea) likiwa utosini. Tarajia nusu yake au pungufu, nawe utafurahi.

2. Mahali na saa. Toka mjini. Saa nzuri ni kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, kwa kuwa hapo upande wetu wa Dunia ndio unaotangulia mbele na kuyapokea mavumbi usoni. Chimbuko la vimondo hivi liko kwenye kundinyota la Perseus, kaskazini mashariki. Kadiri ulivyo kusini ndivyo linavyokuwa chini na vimondo kupungua. Kusini ya latitudo 32 ya kusini halichomozi kabisa.

Lala chali. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na kuchungulia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Tumia tochi nyekundu. Darubini iache nyumbani, inakubania anga.

3. Tega kamera. Unahitaji kamera inayokubali kupangwa kwa mkono, tripodi imara na lenzi pana, milimita 14 hadi 24. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, f/2.8 au pana zaidi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 hadi 3200, faili la RAW (picha ghafi isiyobanwa na kamera).

Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanadhani kuacha shata (kizibo kinachoingiza mwanga) wazi muda mrefu kutaking'arisha kimondo. Hapana. Kimondo hupita kila nukta ya picha kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo mng'ao wake huamuliwa na tundu na ISO. Muda unang'arisha anga tu, na ukizidi nyota hugeuka michirizi. Ili kupata kikomo cha sekunde, gawa 500 kwa milimita za lenzi: milimita 20 inakupa sekunde 25. Mimi hukaa chini ya hapo, sekunde 15 hivi.

Fokasi ifanye kwa mkono: kuza nyota angavu kwenye skrini, zungusha pete mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha ibane kwa utepe. Zima kitulizo cha mtikisiko. Zima pia upunguzaji wa chengachenga wa picha ndefu, kwa sababu baada ya kila picha kamera hukaa muda uleule bila kupiga, na kimondo hakingoji.

Usiielekeze kwenye chimbuko lenyewe, huko vimondo ni vifupi. Sogea pembeni nyuzi 40 hadi 60, ndiko iliko mikia mirefu.

4. Iache ipige. Weka intavalometa (kifaa kinachoifanya kamera ipige yenyewe mfululizo), picha baada ya picha bila pengo, na usiihamishe. Kila ukihisi upande mwingine una vimondo zaidi, vumilia. Futa umande kwenye lenzi mara kwa mara, uwe na betri ya akiba. Macho yako sasa ni ya anga.

5. Chambua. Kimondo huwa kwenye picha moja, chembamba ncha zote mbili, mara nyingi na rangi ya kijani mwanzoni. Setilaiti huendelea kwenye picha inayofuata. Ndege huacha nukta za taa. Ukitaka kuunganisha vimondo vyote katika picha moja, chagua picha moja ya msingi, linganisha nyota za zile nyingine nayo ndipo ubandike, ili kila mstari uelekee Perseus kama ulivyokuwa. Na ukiionyesha, sema kuwa ni ya kuunganisha.